Swali la Mstari Uliolala

Kwanza niseme hivi: swali lilikuwa halali. Halikutoka nje ya silabasi, halikuwa na mtego wa maneno, na msichana yeyote aliyewahi kuchora mstari kwenye karatasi ya miraba angelijibu huku anapiga miayo. Nukta A ni (−1, 4), nukta B ni (5, 4). Andika mlinganyo wa mstari unaoikata AB katikati kwa pembe mraba. Basi. Anayesema nililitunga kwa ubaya asitafute kosa ndani ya swali, kwa sababu halimo. Ubaya ulikuwa wangu mimi, na nilikuwa na haki nao.

Nafundisha hesabu upande wa wasichana katika shule ya binafsi yenye matawi mawili, moja Jeddah, jingine Riyadh. Wasichana wetu ni wa kila taifa lililokuja nchi hii kutafuta riziki: Wasudani, Wamisri, Wapakistani, Wanaijeria, Wakenya wachache. Wote hutuita abla, ndivyo mwalimu wa kike anavyoitwa huku, na mwalimu mkuu tunamwita mudira. Mimi nilianzia Jeddah. Na mwanamke niliyemlenga kwa swali hilo alianzia Jeddah pia, maana tulitoka Mombasa ndege moja, tukapewa fleti moja, vyumba viwili na jiko la pamoja. Ijumaa tulikuwa tunakwenda mtaa wa Karantina kununua unga wa mahindi kwa kina mama wanaouzia milangoni mwao, na tukirudi anasonga yeye, kwa sababu ugali wangu, eti, una madonge. Nilimwita shoga yangu. Siku hizi nalitamka kwa kejeli tu.

Hesabu ya mistari ya pembe mraba naifundisha kwa boksi la tishu. Nchi hii kila meza na kila gari ina boksi la tishu, kwa hiyo vifaa havinipi shida. Kila msichana anakata pembetatu kwenye karatasi ngumu ya boksi hilo, upande mmoja miraba mitatu, upande wa pili miraba miwili, na kona yenyewe pembe mraba. Anailaza juu ya karatasi: tatu kulia, mbili juu. Mteremko wa mstari huo ni mbili juu ya tatu. Halafu namwambia aizungushe ile pembetatu robo mzunguko, asiinue mkono. Ile tatu iliyokuwa imelala sasa imesimama, na ile mbili iliyokuwa imesimama imelala, tena imeelekea kushoto. Hapo anaona kwa macho yake kwa nini sehemu inapinduka na kwa nini alama ya kutoa inaingia. Mteremko mpya ni kutoa tatu juu ya mbili. Akiambiwa mstari huo upite kwenye nukta (2, 5), anaweka namba mahali pake na anapata y = −3/2x + 8, na anajua ametoka wapi. Inachukua muda, nakubali. Wasichana wanacheka, wanajikata vidole, wanadondosha gundi. Lakini msichana aliyezungusha pembetatu kwa mkono wake hasahau.

Yule mwenzangu yeye alikuwa na wimbo wake: pindua, badili alama, halas, yaani umemaliza. Darasa zima linaimba. Pindua, badili alama, halas. Sura ya kitabu inakwisha haraka na mudira anafurahi.

Siku moja akaniomba akae nyuma ya darasa langu. Alisema anataka kujifunza njia yangu. Nilimpa kiti, nikampa hata mkasi. Alikaa pale akitabasamu, akisaidia wasichana kukata, na mimi nikajiona nimepata mwenza wa kazi.

Wakati huo nafasi ya mkuu wa hesabu tawi la Riyadh ilikuwa wazi, na shule nzima ilijua naitaka mimi. Kaka yangu yuko Riyadh, ni fundi wa lifti kwenye majengo ya Olaya, na mkewe ni muuguzi wa zamu. Binti yao wa pekee anasoma tawi lilelile. Sina mtoto. Nilitaka niishi mahali ambapo nikifungua mlango naitwa shangazi. Mudira alikuwa ameshaniambia nianze kufikiria kufunga mizigo.

Ukafika mkutano wa matawi yote mawili, sote tuko kwenye skrini. Mudira akauliza kila mmoja amefika wapi. Zamu ya shoga yangu ilipofika akasema wake wamemaliza sura nzima. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Wa mwenzangu bado wanacheza na maboksi ya tishu. Nimekwenda kuona mwenyewe."

Watu wakacheka. Mudira akaniuliza kama ni kweli niko nyuma. Ilikuwa kweli. Ningejibu nini? Kwamba niko nyuma kwa sababu wangu wanaelewa? Nani anasema hivyo kwenye mkutano bila kuonekana mwenye wivu? Nikasema ndiyo, niko nyuma kidogo. Yeye ndiye aliyepelekwa Riyadh. Siku anaondoka aliniachia sufuria. "Nakuachia hii, shoga, ujifunze kusonga," akasema, akanibusu mashavu yote mawili.

Mimi si mtu wa kusahau. Wengine Mungu amewapa moyo mwepesi, kitu kikiwauma leo kesho wanakiulizia jina. Mimi naweka. Niliweka kile kicheko chake cha kwenye skrini mahali pa kukiona kila asubuhi nikiamka, na nikaanza kungoja.

Likizo ya katikati ya mwaka kaka yangu na familia walikuja kufanya umra, wakaniachia binti yao wiki nzima Jeddah. Ni mtoto mtulivu, mkubwa kidogo kuliko umri wake, wa kusikiliza sana na kusema kidogo. Anataka kuwa mfamasia. Katika shule yetu anayetaka njia hiyo lazima aingie mchepuo wa sayansi, na mlango wa sayansi ni mtihani wa hesabu wa pamoja, mmoja kwa matawi yote mawili. Ukianguka hapo unapelekwa biashara, na huo ndio mwisho wa maneno ya dawa. Kwa hiyo nilimkalisha mezani na mkasi na boksi la tishu. Alielewa mara moja. Nikamgeuzia pembetatu namna zote, ya mlalo, ya wima, na kila mara alikuwa na jibu kabla sijamaliza kuuliza.

Tukiwa pale mezani nikamwambia. Sikuona sababu ya kumficha, ni damu yangu. Nikamsimulia mkutano, kicheko, sufuria, kila kitu, nikasema, "Huyo abla wenu, siku moja nitamkalisha chini mbele ya mudira. Wewe utaona."

Mtoto akanitazama. "Lakini ni mwema, shangazi."

"Kwako wewe," nikamjibu, nikamwambia akate nyingine.

Mtihani wa pamoja hutungwa kwa zamu, mwaka huu tawi hili, mwaka ujao lile. Mwaka uliofuata zamu ikawa yangu. Niliposoma ujumbe wa mudira nilicheka peke yangu jikoni, nguo zimeloweka, mikono ina povu.

Nililitunga swali Ijumaa asubuhi, na wala halikunipa taabu, maana lilikuwa limeshajitunga lenyewe moyoni. Wimbo wake una tundu moja. Mstari uliolala, ule usiopanda wala kushuka, mteremko wake ni sifuri, na sifuri ukitaka kuipindua unagawa kwa sifuri, kitu ambacho hesabu haikubali. Mstari unaousimamia kwa pembe mraba ni wima, na mstari wima hauna namba ya mteremko kabisa. Hauandikwi kwa y. Unatazama kati ya kutoa moja na tano, unaona mbili, unaandika x = 2, umemaliza. Aliyezungusha pembetatu anaona msalaba tu mbele yake. Aliyefundishwa kuimba anakwenda kugonga ukuta.

Nikaona sehemu moja haitoshi. Nikalifungia mikia: mstari huo unakutana na y = x − 5 kwenye nukta C, tafuta C; kisha tafuta eneo la pembetatu ABC. Ukikosa cha kwanza umekosa vyote. Nikalitengea alama nyingi, kiasi kwamba anayelikosa hana njia ya kuingia sayansi ila awe amefanya maajabu kwingine. Na niseme ukweli wote: nilishapiga picha ya mwisho kichwani. Riyadh nzima atapata msichana mmoja tu, binti wa kaka yangu, na nitaiinua karatasi yake mbele ya skrini niseme, huyu nilimfundisha mimi, kwa boksi la tishu. Picha hiyo ilinilaza usingizi mtamu wiki kadhaa.

Karatasi tunabadilishana. Za Riyadh husahihishwa Jeddah, zetu husahihishwa kwao, na hakuna jina ila namba. Nilichukua bunda la Riyadh nikajifungia chumbani na chai ya maziwa. Jamani, nilistarehe. Wengi walipindua sifuri wakaandika kwamba kalkuleta imekataa, wakaacha hapo. Wengine walipindua sifuri wakapata sifuri, wakabadili alama, wakaandika kutoa sifuri, wakaishia na y = 4, mstari uleule walioanza nao, ati unajikata wenyewe kwa pembe mraba. Kila mkato mwekundu niliuona unamwangukia yeye, si msichana aliyeandika. Wasichana sikuwafikiria. Nilikuwa natafuta hati moja tu ya mkono.

Nikaipata karibu na mwisho. Namjua anavyoandika nne yake, wazi juu. Karatasi yake ilikuwa safi, kila swali limejibiwa sawasawa, hata yale magumu ya duara ambayo hata wangu wa Jeddah waliniambia wameyakimbia. Nikafungua ukurasa wa swali langu. Mweupe. Hakuna mstari, hakuna namba, hakuna hata alama ya kalamu iliyoguswa ikaondolewa.

Nilifunua ukurasa uliofuata, nikarudi nyuma, nikahesabu kurasa zote. Halafu hasira ikanipanda. Nikasema huyu mwanamke amemharibu. Nilimpa mtoto anajua, amemjaza wimbo wake mpaka kile cha kwangu kimetoka. Nikampa sifuri kwa swali lile, maana sheria ni sheria, na nikamwongezea yule mwanamke deni jingine.

Matokeo yalipotoka, Riyadh ililia. Wazazi walipiga simu. Mudira aliitisha mkutano wa skrini, na shoga yangu akaulizwa imekuwaje wasichana wake wakaangukia biashara namna ile. Alisema swali halikuwa la kawaida.

"Si la kawaida kivipi, mwenzangu?" nikamuuliza. Nikachora mstari uliolala kwenye karatasi, nikausimamishia mwingine, nikausogeza mbele ya kamera. "Huu hapa. Mtoto wa darasa la nne anauona." Kisha nikasema, "Labda wangecheza na maboksi ya tishu."

Safari hii hawakumcheka kwa sauti, lakini niliona midomo. Aliinamisha uso. Hakusema hata kwamba nimemtega, ingawa alijua, nilimwona anajua. Ilikuwa tamu. Wanaosema kisasi hakina ladha sijui wao walionja nini. Mudira alisema matokeo yatabaki kama yalivyo, kwa kuwa wasichana wa Jeddah walilijibu swali hilohilo vizuri tu. Kabla ya muhula mpya shoga yangu alishushwa kufundisha watoto wadogo wa msingi, ghorofa ya chini, na nafasi yake nikapewa mimi.

Nilihamia Riyadh nikiwa na jambo moja la kurekebisha. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameikosa sayansi kwa swali lile moja. Halikunisumbua sana, kwa sababu mkuu wa hesabu ana ruhusa ya kuomba mtahiniwa mmoja arudie akithibitisha kwamba alikuwa mgonjwa, na sasa mkuu wa hesabu nilikuwa mimi. Nikamchukua baada ya alasiri, maduka ya Dirah yakifunguliwa, nikimwambia tunakwenda kununua viatu vya shule. Mwenye duka, Mbangladeshi, aliingia ndani kutafuta saizi, nasi tukakaa kwenye benchi lake. Nikamweleza mpango.

"Tutasema uliumwa siku hiyo," nikamwambia. "Utarudia wiki ijayo. Swali nitakalokupa utalijua."

"Sikuumwa, shangazi."

"Najua. Ni maneno ya kumwambia mudira tu."

Akawa anachezea ncha ya shela yake. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama, "Jibu ni x sawa na mbili. C ni mbili, kutoa tatu. Eneo ni ishirini na moja."

Nikamuuliza nani amemwonyesha. Akasema hakuna. Alilimaliza kichwani siku ileile ya mtihani, wenzake wakiwa bado wanabonyeza kalkuleta.

"Sasa mbona hukuandika?"

"Nilipolisoma tu nikajua ni lako." Sasa alinitazama. "Ulisema Jeddah kwamba utamkalisha chini. Aliyekaa mbele yangu alianza kulia, na nyuma pia. Nikaona nikiandika, karatasi yangu ndiyo utakayoichukua umwonyeshe nayo mudira. Abla hukaa na mimi shuleni mpaka mama atoke zamu. Kila siku anakaa, na yeye ana kazi zake. Sikutaka iwe karatasi yangu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya kuiinua ile karatasi. Mtoto aliniona tu. Nilisikia aibu, halafu aibu ikageuka ikawa hasira, maana aibu yangu haikai muda mrefu hivyo. Nikamuuliza anajua amejifanyia nini, anajua mfamasia hatoki biashara, anajua mama yake atasemaje.

"Nitarudia," akasema, "kama na wenzangu watarudia."

Nilielewa anachoomba, na nilielewa bei yake. Wale wasichana walikuwa wameshaonyeshwa ule msalaba kwenye masahihisho. Wakirudia, wengi watapita. Wakipita, mudira atauliza kwa nini walianguka mara ya kwanza, na wazazi watauliza nani alitunga lile swali akalitengea alama zote zile. Halafu yule mwanamke atapanda ngazi kutoka ghorofa ya chini arudi kwenye kiti nilichokalia. Ningemwona kila siku akipita koridoni na tabasamu lake.

Nikamwambia hapana, wote haiwezekani.

"Basi na mimi hapana, shangazi."

Mbangladeshi akatoka na viatu. Mtoto akavijaribu, vyeusi vya kawaida, akatembea navyo mara moja, akaniambia ahsante kwa adabu kamili, kama anavyomwambia mgeni. Muhula ulipoanza akaingia biashara. Mimi nafundisha hesabu mchepuo wa sayansi, na wasichana wangu wapya wanakata pembetatu vizuri.

Majuzi Ijumaa nilikwenda kwa kaka yangu kunywa chai. Wifi yangu alikuwa kazini. Nikauliza mtoto yuko wapi, nikidhani amelala. Kaka akasema amekwenda kwa mwalimu wake. Nikauliza mwalimu yupi. Akamtaja: yule mwanamke. Humfundisha hesabu na fizikia za mchepuo wa sayansi kila Ijumaa nyumbani kwake, ili mtoto akafanye mitihani ile kama mtahiniwa wa nje. Wameanza tangu muhula ulipofunguliwa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

Kufundisha wanafunzi wetu nyumbani bila ruhusa ni marufuku katika mikataba yetu, na mudira hana mchezo na jambo hilo. Mwalimu akipatikana na kosa hilo, ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, haihuishwi, anarudishwa kwao. Nilikuwa nimeshaitoa simu kwenye mkoba. Sikukusudia kuitoa, mkono ulikwenda wenyewe. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache na mdogo kwangu, hajawahi kunipandishia sauti maishani, na hata siku hiyo hakuipandisha. Aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Ni mimi niliyekwenda kumwomba," akasema. "Alikataa. Alisema dada yako hatapenda. Nikaenda tena."

Kisha akanisogezea sukari, akauliza kama chai imepoa.